Nta, Buibui na Kipande cha Reli

Mume wangu alianza kuitwa mchawi siku arobaini na moja baada ya kuzikwa.

Alipokuwa hai hakuna aliyethubutu kumwita hivyo. Sijui kama walimheshimu yeye au waliniogopa mimi.

Ninaandika katika ukurasa huu kwa sababu ni hapa hapa ndipo mjukuu wangu, Anitha, alipoweka picha za vifaa vya babu yake, akauliza ni vya kazi gani. Ninyi wasomaji mkatoa majibu mia nne na kumi na saba. Nimeyasoma yote. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo nimezoea kusoma majibu ya watu ambao hawakulielewa swali.

Leo nimeleta jibu sahihi. Anitha anachapa, nami nimemkataza kufupisha neno hata moja.

Jina langu ni Violeth. Ninaishi Chang'ombe, hapa Dodoma. Marehemu mume wangu, Batholomeo, alikuwa karani wa reli, na baadaye mzee wa kanisa. Alikuwa mpole kiasi kwamba hata kiti cha nyumbani kwake hakukihamisha kabla ya kuniuliza.

Katika miaka hamsini na miwili ya ndoa yetu hatukugombana hata mara moja. Jambo hilo nilikuwa nikilihesabu kuwa sifa yangu.

Nitatoa mfano. Mwaka 1987 niliandika hoja kwamba ilimba isiingizwe kanisani. Ilimba, kwa msiokulia huku kwetu, ni kile kisanduku cha mbao chenye vijiti bapa vya chuma, ambacho hupigwa kwa vidole gumba. Mimi nilikijua kama chombo cha vilabu vya pombe, na nikaandika hivyo, kurasa tatu, mistari iliyonyooka.

Hoja ilipita. Mtu wa kwanza kunyoosha mkono kuiunga mkono alikuwa Batholomeo.

Mwaka 2009 alikuja mchungaji mwingine, akalegeza. Kwaya ya vijana ikapata ilimba yake. Tangu siku hiyo mimi hukaa benchi la nyuma, na mlio huo ukianza, hufungua Biblia popote pale na kusoma. Nimesoma orodha za vizazi mara nyingi kuliko mchungaji yeyote wa jimbo hili.

Hata siku ya mazishi nililinda utaratibu. Tuna shamba Kibakwe, na mume wangu alikuwa akienda huko wiki moja ya kila mwezi. Watu wa Kibakwe walikuja msibani kwa lori, wakiwa na ilimba na mazeze yao. Nilimtuma mwanangu Obedi awaambie kwamba katika msiba huu zitaimbwa nyimbo za kitabuni, bila ala.

Walivirudisha vyombo vyao kwenye lori. Wakaimba mikono ikiwa imening'inia, kama watu walionyang'anywa mizigo njiani.

Niliona nimefanya vizuri.

Sasa nifike kwenye sanduku.

Ilikuwa tusimike msalaba wa saruji kaburini na mchungaji aubariki. Fundi alitaka tarehe ya kuzaliwa. Batholomeo alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, lenye kufuli, ambalo siku zote alisema lina karatasi za kazi. Sikuwahi kulifungua. Nililelewa kuheshimu kufuli la mtu, na isitoshe, sikudhani kwamba mume wangu angeweza kuwa na jambo nisilolijua.

Obedi alivunja kufuli mbele yangu na mbele ya Anitha.

Karatasi haikuwamo hata moja.

Palikuwa na kitambaa chekundu. Ndani yake mlikuwa na kipande cha reli, urefu wa kiganja, ambacho uso wake ulikuwa umelainika kama kioo. Palikuwa na chuma kama patasi, lakini butu, chenye mpini wa mpingo. Palikuwa na sindano nene kama kidole cha mtoto, ambayo ncha yake ilikuwa nyeusi kwa kuungua. Palikuwa na fungu la vyuma vyembamba vilivyofuliwa vikawa bapa. Palikuwa na bonge la nta.

Na palikuwa na kichupa cha dawa kilichojaa vipande vyeupe vya duara, laini, vyembamba, mfano wa ngozi ya kitu ambacho hakuna aliyetaka kukitaja.

Obedi alirudi nyuma hatua mbili. Yeye ni mzaliwa wangu wa kwanza, katibu wa kamati ya kanisa na mlezi wa kwaya ya vijana. Amerithi ukali wangu bila kurithi subira ya baba yake.

"Mama," alisema, "hivi ni vitendea kazi."

"Vya kazi gani?"

"Ya gizani. Huoni kitambaa chekundu?"

Nilikiona. Nilikiona vizuri kuliko yeye. Lilikuwa pazia la sebule yangu la mwaka 1989, ambalo nilimtuhumu jirani yetu kuwa ameliiba kwenye kamba.

Hilo sikulisema.

Kufikia Alhamisi kamati ilikwisha kukaa. Mchungaji hakupenda, lakini kamati yetu ikishakaa huwa haisimami upesi. Iliamuliwa kwamba msalaba hautabarikiwa mpaka sanduku lichomwe moto kaburini, mbele ya waumini, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Isipokuwa kama familia ingeleta maelezo ya maandishi kuhusu matumizi halali ya kila kifaa.

Mnaelewa maana yake. Ukichoma, umekiri. Batholomeo angelala milele chini ya msalaba uliosimikwa baada ya moto, na watoto wa watoto wake wangeitwa wajukuu wa yule mzee wa chupa.

Nilikuwa na siku tisa.

"Bibi, tuweke mtandaoni," Anitha alisema. "Kule watu wanajua kila kitu."

"Hilo ndilo ninaloliogopa," nilimjibu. Lakini aliweka.

Majibu yenu mnayakumbuka. Mmoja alisema ni mali ya Wajerumani na kwamba kuna ramani chini ya sanduku. Tulitazama. Palikuwa na kutu. Mwingine alisema ni visu vya ngariba. Wa tatu alisema babu yake alikuwa navyo na alikufa vibaya, bila kueleza ni nani hufa vizuri. Bwana mmoja wa Kibaigwa, ambaye alijitambulisha kuwa dalali wa mahindi, aliapa kwamba ile sindano ni bambo, chuma cha kuchomea gunia ili kuonja nafaka iliyomo bila kulifungua. Watu mia moja wakampongeza. Mmoja aliuliza kama Anitha ameolewa.

Kwa kuwa nilikwisha kuwaona wote kuwa wajinga, nilitoa hukumu yangu mwenyewe.

Nikasema ni vifaa vya kushonea viatu. Baba yake Batholomeo alikuwa akitengeneza makubazi; mwanawe alivitunza kwa kumbukumbu. Nta ni ya kupaka uzi. Sindano ni msharasi wa kutobolea ngozi. Kipande cha reli ni cha kugongea soli. Vipande vyeupe niliviita "mabaki ya ngozi laini". Niliandika kurasa mbili, na ninyi mngezisoma mngeamini.

Ilibaki saini ya shahidi. Nilikwenda kwa Athuman, fundi viatu wa mtaa wetu, ambaye nilimfundisha darasa la tatu na la nne.

Alisoma barua yote. Akakitazama kila kifaa, akakigeuza, akakinusa. Kisha akanirudishia kalamu.

"Mwalimu wangu, uniwie radhi. Hapa umechemka."

Hakuna mtu aliyepata kuniambia hivyo. Nilimtaka afafanue.

Alichukua msharasi wake mwenyewe akanionesha tundu lililo karibu na ncha, la kuvutia uzi. "Huu wa mzee hauna tundu. Nikisaini hapa, vifaa vyangu vyote vitanicheka." Akachukua kimoja cha vile vyuma bapa. "Na hiki ni spoku ya baiskeli. Imefuliwa. Kiatu gani hicho, Mwalimu, kinachotumia spoku?"



Alifungua kichupa, akashika kipande kimoja cheupe kwa ncha za vidole, akacheka kwa mshangao. "Hii ni nyumba ya buibui. Ule utando anaofunikia mayai yake ukutani. Mimi huzifagia humu kila wiki. Sijapata kuona mtu anayezitunza kwenye chupa."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Athuman, ambaye darasani alikuwa akisahau hata kalamu yake, aliniuliza swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza.

"Mzee alikuwa na baiskeli?"

Alikuwa nayo. Ilikaa shambani Kibakwe. Kila mwezi kabla ya safari alinunua spoku, na kila mwezi nilimsema kwamba baiskeli hiyo inakula spoku kama ng'ombe alavyo pumba. Alikuwa akitabasamu na kusema barabara ya kule ni mbaya.

"Basi nenda iliko baiskeli," alisema Athuman.

Jumatano nilipanda basi la Kibakwe, sanduku likiwa mapajani. Baiskeli niliikuta mlangoni mwa kijumba cha shamba. Spoku zake zilikuwa kamili, na vumbi lake lilikuwa la miaka mingi. Barabara mbaya haikuwa imeiona.

Wakati ningali ninaitazama, alikuja mama mmoja wa makamo kutoka nyumba ya jirani, akipangusa mikono kwenye khanga. Nilimtambua. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa wale watu wa lori. Jina lake ni Dorkasi, mwalimu wa kwaya ya pale.

"Mbukwenyi," aliniamkia kwa Kigogo, kisha akaongeza, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Alilitazama sanduku. "Limechelewa hilo. Sisi tulilitarajia siku ya msiba."

"Unalijua?"

"Tunalijua kuliko wewe." Alilisema bila dharau, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Alikaa kizingitini, akafungua, akatoa kifaa kimoja kimoja kama mtu anayetoa vyombo vyake vya jikoni. Kipande cha reli ni fuawe: juu yake spoku hugongwa mpaka iwe bapa. Patasi butu ni ya kusukumia vijiti vya chuma mbele au nyuma mpaka kila kimoja kitoe sauti yake. Sindano hutiwa moto, ikatoboa ubao. Na utando wa buibui hubandikwa kwa nta juu ya tundu, ili chombo kikipigwa, sauti ivume.

Chombo gani, hakuhitaji kusema. Aliingia kwake akatoka na ilimba. Tundu lake lilikuwa wazi.

"Tangu mzee alipougua hatujapata utando," alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa anaukusanya. Sisi hatuna macho ya kuuona."

Nilikumbuka kwamba kwa miaka thelathini hapakuwa na utando wa buibui kwenye kuta zangu, na kwamba nilikuwa nikiwaambia wakwe zangu waje wajifunze usafi kwangu.

Dorkasi alibandika kipande kimoja, akapiga. Sitawaeleza sauti hiyo, kwa sababu niliwahi kuandika kurasa tatu juu yake kabla sijaisikiliza. Nitasema tu kwamba wimbo nilikuwa ninaujua. Ndio aliokuwa akiuvumisha puani Batholomeo kila asubuhi akinyoa ndevu, nami nikimwambia anyamaze asije akajikata.

"Alianza lini?" niliuliza.

"Mwaka ule mlipopiga marufuku. Mwezi haukuisha. Alifika hapa akamkuta marehemu baba yangu anachonga, akamwambia, 'Nimenyoosha mkono kwa ajili ya amani ya nyumba yangu. Sasa nipe ubao.'"

Kisha nikamwuliza kwa nini hawakuniambia siku ya mazishi.

"Ulimtuma mtoto wako atuambie tufunge vyombo vyetu, tukavifunga. Mzee alitufundisha kwamba kwa Mwalimu hakubishwi."

Aligeuza ilimba, akanionesha upande wa chini. Palikuwa na alama iliyochomwa kwa sindano ya moto. Ilikuwa alama ya vema, ile ambayo mwalimu huweka daftarini jibu likiwa sahihi. Mkia wake ulikuwa mrefu na umepinda kidogo mwishoni. Niliitambua. Hakuna mwalimu mwingine Dodoma anayeweka vema ya namna hiyo. Ni yangu mimi.

"Zote arobaini na tatu zina hiyo," Dorkasi alisema. "Alisema, 'Mke wangu ndiye msahihishaji, lakini hizi hawezi kuzisahihisha. Basi namsaidia.'"

Aliingia tena ndani, akatoka na ya arobaini na nne. Ilikuwa imekamilika, ila upande wa chini ulikuwa mtupu.

Nilirudi Chang'ombe na sanduku na ilimba hiyo. Barua ya kurasa mbili niliichana ndani ya basi.

Mngedhani nilikuwa na furaha, kwa kuwa jibu nililipata. Fikirini vizuri. Ili mume wangu asiwe mchawi, ilinipasa nieleze kwa nini mtu mwema alificha kazi njema chini ya kitanda chake mwenyewe. Na jibu la swali hilo halikuwa ndani ya sanduku. Lilikuwa limelala juu ya kitanda.

Ningeweza kuacha vichomwe. Watu wangemsema yeye, nami ningebaki Mwalimu Violeth. Nilifikiri jambo hilo kwa siku mbili. Sijivunii kwamba zilikuwa mbili.

Jumamosi watu walijaa kaburini. Obedi alikuwa ameandaa nusu pipa lenye kuni, na moto ulikwisha kushika. Kwaya ya vijana ilisimama na ilimba yao. Pembeni lilisimama lori la Kibakwe, ambalo safari hii niliomba mwenyewe lije, na vyombo vyake vyote.

Obedi alinyoosha mkono apokee sanduku.

"Kwanza niletee ilimba ya kwaya yako," nilimwambia.

"Mama, muda."

"Ilete."

Ililetwa. Nilimwuliza waliipata wapi. Alisema baba ndiye aliyewatafutia, mwaka 2009, kutoka kwa fundi mmoja wa upande wa Mpwapwa. Tundu lake lilikuwa limezibwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni.

"Igeuze."

Aliigeuza. Alama ilikuwapo. Kwa miaka yote hiyo vijana walikuwa wameishika vifuani, na hakuna aliyewahi kutazama chini yake. Dorkasi na wenzake wakageuza za kwao, moja baada ya nyingine. Nilifungua sanduku, nikaeleza kila kifaa, kwa mpangilio ule ule nilioelezwa.

"Kama tutachoma vifaa hivi," nilisema, "basi tuanze na hiyo ilimba mnayoipiga madhabahuni. Vifaa hivi ndivyo vilivyoizaa."

Mzee mmoja wa kamati aliuliza kwa sauti ya chini, akimwuliza jirani yake, kwa nini basi marehemu alivificha.

Nilikuwa ninalingoja swali hilo.

"Hakuvificha kwa sababu ya shetani," nilisema. "Alivificha kwa sababu yangu."

Obedi alinishika kiwiko. "Mama, usiseme hayo mbele ya watu."

"Mlitaka maelezo ya maandishi, mwanangu. Nimeona ya mdomo yatatosha."

Nikawaeleza yote: kurasa tatu za mwaka 1987, mkono alionyoosha, spoku, pazia. Jirani wa pazia alikuwapo. Nilimwomba radhi pale pale, miaka thelathini na kitu ikiwa imepita, naye akasema alikwisha kusahau. Hakuwa amesahau. Nilimwona alivyonyoosha shingo.

Obedi alibaki akilitazama pipa lake. Mchungaji, mtu asiyependa kupoteza kitu, aliuliza kwa upole tuufanye nini moto huu.

Nilimwambia aniachie kidogo.

Niliitia ile sindano kwenye makaa mpaka ncha ikawa nyekundu. Obedi ndiye aliyenishikia ubao. Nikaweka vema kwenye ilimba ya arobaini na nne, mkia mrefu, umepinda mwishoni. Nimesahihisha madaftari yasiyo na idadi, lakini sijapata kusahihisha kazi iliyochelewa namna ile.

Kisha watu wa Kibakwe wakapiga, na msalaba ukabarikiwa. Nilikuwa nimesimama mbele, wala sikuwa nimefungua Biblia mahali popote.

Bado ninaona kwamba wanapiga kwa nguvu mno. Nimewaambia.

Kuhusu utando wa buibui, pembe za dari yangu hazifagiliwi tena. Wakwe zangu hupita wakitazama juu, wananyamaza kwa adabu, na ninajua wanachokisema wakifika kwao.

Yule bwana wa Kibaigwa ameandika tena jana kwamba ile sindano ni bambo. Nimemwacha.

Nanyi wengine nitawaachia hili. Mkikuta chombo msichokijua ndani ya sanduku la mtu wenu, msikimbilie kuuliza kilikuwa cha kazi gani. Ulizeni kwanza kilifichwa kwa kumwogopa nani, na mnapouliza, tazameni kioo.